Mbasela na Lumbesa

Daftari langu la matumizi lina jalada la bluu, na nimelifunika kwa karatasi ya gazeti kama tulivyofunika madaftari ya shule. Kushoto naandika kilichoingia, kulia kilichotoka. Juu ya ukurasa naandika siku aliyoondoka baba watoto na siku anayotarajiwa kurudi. Hiyo ya pili naiandika kwa penseli.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia Dar es Salaam, anapita hapa Tunduma, anavuka Nakonde, anaimaliza Zambia yote hadi Kasumbalesa, kisha anaingia Lubumbashi. Akipita nyumbani ananiachia kodi ya meza ya siku kumi na nne, shilingi 168,000, yaani 12,000 kwa siku kwa vichwa saba: mimi, watoto wanne, mama mkwe, na mtoto wa marehemu shemeji yangu. Kichwa cha nane ni cha mwenye kodi mwenyewe, ambaye mwezi mzima anakula njiani. Mahindi hatununui, kaka yangu wa Mbozi hutuletea, nami nalipia kukoboa na kusaga. Mengine yote yanatoka humo: mchele, maharage, mafuta, sukari, dagaa, mboga, mkaa, na maji. Maji nayahesabu pamoja na chakula kwa sababu Tunduma dumu la lita 20 linanunuliwa kama nyanya, na wiki ambayo bomba limekauka, maji hula hela ya mchele. Halafu zile siku kumi na nne zinaweza kugeuka ishirini na tano. Foleni ya malori haijui mimi nimepiga hesabu gani.

Kwa miaka kumi na moja nimelishika daftari hili kwa ukali ambao watoto wangu wanauita jeshi. Sikuwahi kufikiri kuna swali la dini ndani yake. Siku moja mama mmoja wa kanisani kwetu alinikuta nimekaa kwenye benchi la nje, ibada haijaanza, najumlisha kwa kalamu. Akanigusa bega, akacheka. "Dada, hesabu mpaka mlangoni kwa Bwana? Au humwamini?"

Ulikuwa utani, lakini utani wa kanisani una miiba. Kwa bahati mbaya siku ile somo likawa lile la Mathayo sura ya sita, la ndege wasio na shamba wala ghala na bado wanakula. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Moyoni nilikuwa nabishana na mhubiri: ndege hana mama mkwe mwenye kisukari, ndege hanywi chai. Kisha nikaona aibu kubishana na Injili nikiwa kanisani, nikafunga mkoba ili daftari lisionekane.

Nilirudi na swali lile nyumbani, na halikutoka kwa siku nyingi. Je, anayepanga chakula cha wiki mbili anaomba kweli ile sala inayoomba riziki ya leo? Au anaomba kwa mdomo, huku mkono umeshikilia akiba, kama mtu anayesema "nakuamini" huku anafunga mlango kwa komeo?

Jibu la kwanza nililipata kwenye Kutoka sura ya 16, habari ya mana. Nilikuwa nimeisikia tangu shule ya Jumapili na siku zote tulifundishwa upande mmoja tu: waliobakiza hadi asubuhi walikuta funza, basi msiweke akiba, mtegemeeni Mungu. Safari hii niliisoma kama mwenye jiko. Nikaona mambo ambayo mwalimu wetu, mzee wa watu, hakuwahi kupika hata siku moja ili ayaone. Kwanza, kabla mtu hajala hata punje, kimetajwa kipimo. Biblia yetu ya Kiswahili imekiita pishi, pishi moja kwa kila kichwa, na kila mtu awaokotee waliomo hemani mwake. Maana yake Mungu mwenyewe alianza kwa kuuliza: mko wangapi? Pili, siku ya sita waliamriwa waokote maradufu na waweke hadi kesho yake, na hicho kilichowekwa hakikuoza. Kwa hiyo ubaya haukuwa kuweka. Akiba ya Sabato ilikaa vizuri na akiba ya hofu ikaota funza, na vyote viwili vilikuwa mana ileile ndani ya chungu kilekile.

(Sisi Mbozi tumewahi kudondoshewa kitu kutoka mbinguni. Kipo pale Ndolezi, kimezungushiwa uzio, watalii wanalipia kukiona. Ni chuma, kimondo cha tani nyingi. Wana wa Israeli waliletewa chakula, sisi tukaletewa chuma. Bibi yangu alikuwa akisema Mungu anajua nani ana jembe na nani hana.)

Bibi huyo alikuwa na kihenge cha mahindi kilichoezekwa vizuri kuliko nyumba yake. Alisoma kwa Wamoravian, kizazi cha watoto wa wale waliobatizwa na wamisionari Wajerumani waliofika Rungwe mwaka 1891 na baadaye kuingia kwetu Unyiha. Kwake, kusali na kujaza kihenge vilikuwa kazi za siku moja. Alijua pia kwamba kihenge hakiaminiki. Alisimulia walivyoanza kumwona dumuzi, yule mdudu aliyetoka bara la Amerika, akaonekana kwanza Tabora miaka ya mwisho ya 1970, kisha akasambaa nchi nzima. Unafungua kihenge mwezi wa pili ukitegemea mahindi, unakuta unga. Unga mzuri tu kwa macho, ila umesagwa na mdudu. Nikisoma habari ya funza wa mana, mimi namwona dumuzi.

Basi nikajiambia, nimeshinda kesi. Kuhesabu si kukosa imani, ningemwambia yule mama. Ila wanawake wa mpakani hatushindi kesi kwa urahisi namna hiyo.

Tunduma haina mto wala mlima wa kukuonyesha nchi imeishia wapi. Unavuka barabara, umefika Zambia. Watu ni walewale, Wanyamwanga wa huku na wa kule wanazikana na kuozana, ila ugali upande huu ni sembe na upande ule ni nshima, na unga wao unauzwa kwa kiroba cha kilo 25 chenye jina la breakfast au roller. Mimi nina cherehani. Wateja wangu wengi ni kina mama wa Nakonde wanaoleta vitenge, nao hulipa kwacha. Mwaka 2013, Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye hela yake, kwacha moja ilikuwa karibu shilingi 300. Kufikia 2024 ilikuwa karibu 100. Gauni lilelile, mshono uleule, mama yuleyule mnene mcheshi, na kwenye ukurasa wa kushoto theluthi mbili zimeyeyuka bila mtu yeyote kuniibia. Ukiishi na hela mbili unajifunza unyenyekevu ambao hata mahubiri hayafundishi: unajua kwamba tarakimu uliyoandika kwa wino nayo ni penseli.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipaa. Mvua kubwa zilikuwa zimezuia viwanda kuvuna miwa, na dukani kwa jirani kilo ikafika 4,500. Daftari langu lilikuwa na 3,200 kwa kilo. Jioni moja kijana akabisha hodi na mfuko mweusi: sukari ya ng'ambo, imepita njia ya panya, kilo 3,200. Nilinunua kilo mbili. Usiku, wakati wa kuandika, kalamu iligoma kwenye mstari wa sukari. Nikaandika "vinginevyo 6,400". Ndiyo mara ya kwanza daftari langu kudanganya, na mtu pekee aliyekuwepo kudanganywa ni mimi. Bajeti ilikuwa imekaa sawa hadi mia ya mwisho. Nilikuwa nimeitii kabisa, na nilikuwa nimemkosea jirani yangu mwenye duka, aliyelipia ushuru na leseni, na ambaye sukari yake ilibaki kwenye ndoo inaganda.

Na jirani yule si mtu wa kukosewa. Ni Muislamu, anatoka familia ya Ujiji, amekaa hapa tangu ujana wake. Mei 2020, siku zile za korona, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, malori yalijipanga hadi huoni mwisho, na mume wangu akakwama upande wa pili. Siku ya kumi na nne ikapita, ya kumi na nane ikapita. Sikwenda kuomba, nilipita tu mbele ya duka nikiwa nimebeba kikapu kitupu, nadhani uso ulisema. Akaniita, "Mama, njoo hapa." Akapima maharage sado moja na mchele, akavuta daftari lake lililochakaa, akaandika. Nilijiona nikiandikwa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nadhani daftari la nyumba yangu linaanzia na kuishia mezani kwangu. Kumbe kuna jingine, na mimi nimo ndani yake kama deni. Nililipa baada ya mpaka kufunguliwa, lakini ile hali ya kuwa mstari katika ukurasa wa mtu sikuisahau. Au nadhani sikuisahau. Sukari ya panya inanishuhudia vingine.

Sasa niseme la nyanya, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Mboga na viungo nimevitengea 1,500 kwa siku. Ili itoshe, kila Jumatano na Jumamosi nilikuwa naenda sokoni jioni, giza likiwa linakaribia. Kila mwanamke anajua kwa nini. Saa kumi na mbili jioni nyanya zinaanza kulegea na muuzaji anaanza kulegea pamoja nazo. Sado la nyanya ambalo asubuhi ni 4,000, jioni unaweza kulipata kwa 3,000, hata 2,500 ukiwa na ulimi. Mimi ninao. Nilifundishwa na mama yangu kushika nyanya moja iliyopasuka, kuitazama kwa huzuni, na kuirudisha taratibu.

Jumamosi moja nilikuwa nafanya mchezo huo kwa dada mmoja, kijana wa umri wa binti yangu mkubwa, mtoto mgongoni. Alisema 3,500. Nikasema 2,500. Akashuka hadi 3,000, nikageuka kuondoka, hatua mbili, tatu, ile ya nne ndiyo huitwa. Akaniita. "Haya mama, chukua. Ila rejesho langu la leo elfu tano, na sijui nalitoa wapi."

Alisema bila kulalamika, huku anamimina nyanya kwenye mfuko wangu. Kausha damu. Hapa kwetu wamejaa, wale wakopeshaji wa laki moja leo, urudishe kila siku hadi damu ikauke. Jina hilo walipewa na wakopaji wenyewe. Nilichukua nyanya zangu. Nilitoa 2,500. Nilifika nyumbani, nikaandika "nyanya 2,500", na pembeni, kama ninavyofanya nikibana vizuri, nikaweka alama ya vema.

Usiku ile alama ya vema ilinikeresha. Nilianza kuona ukurasa wa pili ambao sikuuandika, wa dada yule: upande wa kushoto 2,500, upande wa kulia 5,000 za rejesho, dawa ya mtoto, nauli. Zile elfu nilizookoa hazikutoka hewani. Zilitoka pale. Mwaka mzima nasifiwa kwenye kikundi chetu cha akina mama kwa kubana matumizi, naulizwa niwafundishe mabinti, na nimewafundisha. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza: ulichobana, umembana nani?

Nikamkumbuka baba. Alikuwa mkulima wa mahindi na viazi huko Mbozi, ekari nne. Wanunuzi walikuja na magunia yao, na magunia hayo yalijazwa hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo yakashonewa kilemba cha wavu, mzigo juu ya mzigo. Ndiyo lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka na miaka, lakini mwenye lori yuko barabarani na mkulima yuko shambani na viazi vinachipua. Baba alikuwa akitazama kile kilemba kinavyopanda bila kusema neno. Bei ilikuwa ya gunia moja. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikatae. Akasema, "Nikikataa, anahamia kwa jirani." Nabii Amosi aliwasema watu kama hao, waliongoja kwa hamu Sabato iishe ili wakapunguze kipimo na kuongeza bei. Tuliposomewa habari zake kanisani nilikuwa namwona yule mnunuzi na fulana yake ya rangi ya chungwa. Sikuwahi kujiona mimi.

Lakini tofauti ni ipi kati ya kilemba cha lumbesa na ile hatua yangu ya nne? Mnunuzi alisimama akangoja, kwa sababu alijua viazi vitaoza kabla ya yeye kuchoka. Nami nilisimama nikangoja, kwa sababu nilijua jua litazama.

Watu watasema ninazidisha. Mume wangu atakuwa wa kwanza. Kupatana bei ni mazungumzo, na muuzaji naye ana ujanja wake: dereva mgeni akishuka kwenye lori anatajiwa bei ya kusafiria. Ni kweli. Tena soko lisilo na kupatana ni baya, ni kama msiba usio na vilio. Sitaki kuacha. Ninachouliza ni kitu chembamba zaidi, na sina hakika kama nimekishika vizuri.

Upande wa Nakonde, ukinunua dagaa kwa kikombe, mama akishamaliza kupima unamwambia "mbasela". Naye anatumbukiza vidole kwenye rundo, anaongeza kidogo juu. Huku kwetu tunasema "niongeze". Ile mbasela haimo kwenye bei, na hakuna sheria inayomlazimisha. Akikunyima, umelipata lako. Akikupa, unacheka, naye anacheka, na kesho unarudi kwake ukimpita mwenye dagaa wazuri zaidi. Sasa tazama: lumbesa ni kilele juu ya kipimo, na mbasela ni kilele juu ya kipimo. Ukivipiga picha utasema ni kitu kimoja. Kimoja kimewekwa na mkono wa mwenye mali, kingine na mkono wa asiye na mali lakini mwenye muda. Injili ya Luka inaahidi kipimo kilichojaa hadi kumwagika, nami miaka yote nilidhani ahadi ile inahusu wingi. Siku hizi nadhani inamhusu mwenye mkono. Neema ni mbasela. Ukiishurutisha, imekuwa lumbesa, hata kama dagaa ni walewale na kikombe ni kilekile.

Na Sala ya Bwana, ambayo ndiyo iliyoanzisha kesi yangu, haina neno "mimi" popote. Riziki inaombwa kwa wingi, yetu sisi. Yule mama wa kanisani aliuliza kama hesabu yangu inamwamini Mungu. Angeuliza kama hesabu yangu imehesabu watu wote, ningekosa la kujibu.

Nilikwenda kwa jirani wa duka. Nilimwambia kwanza habari ya sukari, kwa sababu sikuweza kumuuliza mambo ya dini nikiwa nimeificha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua. Kijana yule alibisha kwangu pia." Hakusema kama alinunua. Kisha nikamuuliza kwao hesabu ya nyumba wanaifanyaje. Akaniambia juu ya zaka ya fitri, ambayo mimi nilikuwa naisikia tu kila Ramadhani inapoisha. Mwenye nyumba, kabla ya sala ya Idi, anahesabu vichwa vya nyumba yake, mpaka kitoto kilichozaliwa jana, na kwa kila kichwa anatoa pishi moja ya chakula wanachokula watu wa mahali pale. Huku kwetu wengi hutoa mchele, kilo mbili na nusu au zaidi kidogo kwa kichwa. Masikini akishindwa kabisa hadaiwi, lakini masikini aliye na ziada ya siku ile naye anatoa.

"Kwa hiyo masikini anampa masikini?" nikauliza.

"Inatokea. Mwaka mmoja nilimpelekea mzee mmoja, na yeye akawa ametuma wajukuu waniletee mimi. Wamepishana njiani na wanangu."

Nilirudi nyumbani naligeuzageuza hilo neno pishi. Mana: pishi kwa kichwa, ili kila mtu wa hema lako ale. Fitri: pishi kwa kichwa, ili mtu asiye wa hema lako ale. Hesabu ni moja, vichwa ni vilevile saba, kinachobadilika ni mlango unakotokea mchele. Tuna methali ya haba na haba kujaza kibaba, na kibaba ni robo ya pishi. Siku zote tunaisema tukiwahimiza watoto wadunduize. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kibaba kikishajaa kinakwenda wapi.

Katika Mwanzo kuna mtu aliyejaza kihenge kuliko wote, Yusufu kule Misri. Anasifiwa kwa miaka saba ya shibe na miaka saba ya njaa, na nchi hii inao Wakala wa Hifadhi ya Chakula kwa sababu hiyohiyo, nao wananunua mahindi mkoani kwetu. Lakini mahubiri huishia Yusufu anapokutana na ndugu zake. Ukiendelea hadi sura ya 47 unakuta njaa inazidi, na watu wanaleta hela, hela ikiisha wanaleta mifugo, mifugo ikiisha wanaleta mashamba pamoja na kujileta wenyewe, wawe watumwa wa Farao. Chakula kilekile kilichookoa maisha yao. Sijui kama Yusufu usiku aliandika hesabu akaweka alama ya vema. Yeye alikuwa na nchi nzima, mimi nina sado la nyanya, lakini nadhani kalamu inasikia vilevile.

Nilichobadilisha ni kitu kimoja, na ni kidogo hadi naona haya kukisema. Nimeanza kwenda sokoni asubuhi. Saa mbili, nyanya zimesimama imara, muuzaji amesimama imara, mtoto mgongoni amelala. Napatana, maana ulimi ninao bado, lakini akisema hapana, hapana yake inaweza kusimama. Akisema ndiyo, ni ndiyo yake. Wiki ya kwanza mboga zilizidi bajeti kwa 4,500. Nilitoa hela ya nyama ya Jumapili, na watoto waliuliza, nami niliwaambia nyanya zimekula nyama. Wiki ya pili zikazidi kwa 3,000. Dada wa nyanya hajaona tofauti yoyote, nadhani. Kwake mimi ni mteja aliyebadilisha saa. Kausha damu bado wanakuja kila jioni na daftari lao, na elfu yangu haiwatoshi hata kwa salamu.

Baba watoto alirudi Alhamisi iliyopita, siku ya kumi na tisa. Alioga maji ya madumu mawili bila kuuliza bei, akala, akakaa kwenye mkeka, akavuta daftari kama anavyofanya kila safari. Ni Mnyakyusa wa Kyela, hana maneno mengi akiwa na uchovu. Kidole chake kilishuka na ukurasa, kikasimama.

"Nyanya zimepanda?"

"Hazijapanda."

"Hapa umeandika elfu nne. Safari ile ilikuwa elfu mbili na mia tano."

"Zile zilikuwa za jioni. Hizi za asubuhi."

Alinitazama. Nilidhani ataanza. Badala yake akaniambia kwamba pale Kasumbalesa, kwenye foleni, kuna akina mama wanaouza mayai ya kuchemsha usiku, wanapita lori kwa lori na tochi, na madereva wanangoja hadi karibu saa sita kwa sababu saa sita bei inashuka. Kisha akanyamaza, akatafuna kijiti chake.

"Na hii 'vinginevyo' ya zamani huku nyuma," akasema, anarudisha kurasa, "elfu sita na mia nne. Ilikuwa nini?"